Kigogo Chini ya Kifuniko

Ndugu waombolezaji, majirani, walimu, wachapaji, na ninyi watoto wa shule mliokuja na sare zenu, familia inawashukuru kwa kufika. Kabla ya yote, wengi wenu mliopita kuaga mmeona kwamba kifuniko cha sanduku la marehemu hakikukaa sawasawa, kimeacha mwanya wa vidole viwili upande wa kichwani, na tangu asubuhi watu watatu wamekwenda kukibonyeza kwa nia njema, na wa nne ameulizia nyundo. Fundi asilaumiwe, alifanya kama alivyoagizwa, na sababu yake imo katika karatasi hii na itasomwa kwa zamu yake.

Karatasi zenyewe ni mbili. Ya kwanza ilichapwa na kamati ya mazishi chini ya mwenyekiti wake, binamu wa marehemu, ni ukurasa mmoja msafi usio na doa, na katika mstari wa sita inasema kwamba marehemu alilelewa kwa upendo mkubwa na mama yake mkubwa, aliyempa mwanga wa maisha. Ya pili imeandikwa kwa mkono na mdogo wake marehemu, kitinda mimba wa nyumba yao, ambaye ndiye huyu mnayemwona amesimama hapa, na kwa kuwa desturi ya historia ya marehemu ni kwamba msomaji hajitaji, humu ndani ataitwa kitinda mimba tu, kama vile ni mtu mwingine, jambo ambalo angelipenda liwe kweli. Itakayosomwa ni hii ya pili. Mwenyekiti anaombwa akae, kiti chake bado kipo.

Marehemu alizaliwa siku ya Jumanne, tarehe 14 Machi 1961, saa tatu asubuhi, katika chumba cha uani cha nyumba iliyotazamana na kituo cha zimamoto, akiwa mtoto wa kwanza wa fundi seremala wa milango na madirisha na mshonaji wa sare za shule. Baba alikuwa mtu wa kupiga miluzi akiranda mbao, mama alikuwa mtu wa kumwambia anyamaze, na kwa mtindo huo walipendana. Mtoto wa pili alizaliwa tarehe 9 Juni 1964, wakamwita Chiriku, kwa sababu alianza kusema kabla meno hayajatimia na hakunyamaza tena, ingawa kifua chake kilikuwa na pumu na ilimbidi asimame katikati ya sentensi kuvuta pumzi, kisha anaendelea pale pale alipoachia. Kitinda mimba alizaliwa tarehe 20 Januari 1966, na hana la kusema juu ya hilo.

Tarehe 3 Agosti 1969, lori la mbao lililowapakia baba na mama liliacha njia kwenye kona ya daraja la reli, wakabaki watoto watatu, wa miaka minane, mitano na mitatu. Ukoo ulikutana, kila mzee akaeleza kwa kirefu jinsi nyumba yake ilivyo ndogo, baba mdogo akakumbusha kwamba yatima hadeki, na alipoinuka mama mkubwa, dada yake mama, mjane mwenye duka na nyumba ya ghorofa, akasema atawachukua wote watatu, wakampigia makofi. Makofi yale yamemkinga kwa miaka hamsini na minne. Kila aliyetaka kumuuliza jambo alianza kwa kukumbuka kwamba yeye mwenyewe hakuinuka siku ile.

Duka lilikuwa la majeneza. Si neno la kuogopa leo, sote tumekaa mbele ya moja. Chini, mbele, palikuwa na chumba cha wateja chenye viti vya kitambaa cha zambarau na kengele juu ya mlango, nyuma yake karakana ambamo masanduku yaliyomalizika yalipangwa safu mbili, na kati ya vyumba hivyo viwili hapakuwa na mlango wala chochote, uwazi mtupu, ili mteja akiwa kitini aone mali yote kwa mara moja. Juu palikuwa na vyumba vya kulala ambavyo madirisha yake yalipigiliwa misumari vumbi lisiingie likaharibu vanishi, ngazi iliyolia kwa kila hatua, na saa ya ukutani ambayo marehemu alisema ilikuwa kitu pekee kilichoruhusiwa kusema katika nyumba ile.

Wale ambao hawajafanya kazi hiyo wataiwia radhi familia kwa maelezo haya, lakini bila hayo hakuna kitakachoeleweka. Vanishi ya sanduku hukauka juujuu kwa siku moja, ila ndani hubaki inanata kwa wiki nzima, na kifuniko kikilazwa mapema hugandana na sanduku, ikaja siku ya kuaga watu wakalazimika kutumia tindo mbele ya wafiwa. Kwa hiyo katika karakana ile kila sanduku lilitegewa kigogo cha mvule, ukubwa wa kiganja, chini ya kifuniko upande wa kichwani, ili pabaki mwanya wa vidole viwili na hewa ipite. Kazi ya vigogo alipewa marehemu alipofikisha miaka tisa. Kila asubuhi kabla ya shule alizunguka safu zote mbili akikagua kimoja kimoja, na kila jioni tena, na fundi wa karakana, mzee aliyekuwa na vidole saba, alipenda kusema kwamba duka zima halina mtu makini kuliko yule mtoto.

Sasa, mama mkubwa alikuwa na imani kwamba mfiwa akiona watoto dukani hukumbuka mambo mengi, hulia, na haagizi kitu. Angeweza kuwapeleka watoto uani, lakini uani palianikwa mbao. Angeweza kuwapeleka juu, lakini ngazi ililia. Alichofanya ni kwamba kengele ya mlangoni ilipogonga, watoto watatu waliingia katika masanduku matatu ya safu ya nyuma, wakalala chali, kifuniko kikashushwa juu ya kigogo chake, wakakaa kimya mpaka mteja aondoke. Hii haikuwa adhabu, kwa maneno yake mwenyewe ilikuwa ni utaratibu. Adhabu ilikuwa kitu hicho hicho bila mteja.

Ndani ya sanduku mna giza, mna harufu ya vanishi inayokwaruza koo, na kwa kuwa ubao wa mvule hupitisha sauti vizuri, mtu wa sanduku la pili husikia hata mnong'ono. Humo ndimo kilimozaliwa kitabu ambacho nyote mnakijua, na ambacho watoto hawa wa sare za bluu wamekisoma mpaka majalada yamebanduka. Marehemu, akiwa na miaka tisa na amelala chali katika jeneza la mtu mzima, alianza kuwanong'oneza wadogo zake habari za Bibi Sandarusi, mwanamke mwenye nyumba ndefu isiyopumua, aliyepima watoto kila Jumamosi kwa futi ya fundi akisema ni kwa ajili ya kuwashonea nguo, na nguo hazikushonwa, na watoto wakawa wanakunja magoti wakipimwa ili waonekane hawakui. Katika hadithi hiyo kigogo kilikuwa na mdomo, kilikuwa kizee chenye mgongo unaouma, kikilalamika kwamba kimebeba kifuniko tangu enzi za babu yake na hakuna aliyewahi kukiambia asante. Chiriku alikuwa akikipenda kigogo hicho kuliko mtu yeyote wa hadithi, na kila kilipolalamika alicheka.

Kucheka huko ndiko kulikoleta balaa. Siku moja mwalimu mkuu mstaafu alikuja kumchagulia mama mkwe wake sanduku, akapita karibu na safu ya nyuma, na jeneza likacheka. Alivua kofia, akaliomba jeneza radhi kwa adabu kamili, akatoka kinyumenyume, mwavuli wake akauacha na hakuurudia kamwe. Marehemu aliieleza habari hiyo kitabuni katika sura ya nne, na wasomaji wamecheka mpaka wameshika mbavu, na ilistahili, kwa kuwa hata wao watatu walicheka. Ambacho hakikuandikwa ni kwamba Chiriku alinyimwa chakula cha mchana siku mbili, na kwamba mama mkubwa alisimama juu yake akamwambia, "Wewe, mdomo wako nitautafutia dawa."

Siku ya Jumatano, tarehe 22 Novemba 1972, saa nane mchana, kengele iligonga, ukaingia ujumbe wa watu watano wa chama cha ushirika ambao mwenyekiti wao alikuwa amefariki, wateja wakubwa. Watoto waliingia katika masanduku yao. Kifuniko cha kitinda mimba kilikaa juu ya kigogo, cha marehemu kilikaa juu ya kigogo, na cha Chiriku kilikaa juu ya kigogo, kwa sababu marehemu alikuwa ameviweka vyote vitatu asubuhi na kuvikagua. Hapo ndipo mama mkubwa alipopita haraka kutoka karakana kwenda mbele, akasimama kwenye sanduku la Chiriku, akainua kifuniko kidogo kwa mkono wa kulia, akachomoa kigogo kwa mkono wa kushoto, akakitia mfukoni mwa aproni, na kifuniko kikashuka. Kitinda mimba aliona kwa macho yake kupitia mwanya wake. Mkono ule ulikuwa na kidole kilichofungwa bandeji.

Ujumbe ulikaa saa moja na robo. Walikunywa chai vikombe viwili kila mmoja, wakabishana kuhusu vishikio, vya shaba au vya chuma, wakasifu utulivu wa nyumba. Chiriku alikuwa na miaka minane. Cheti cha kifo kiliandikwa pumu, na pumu kweli alikuwa nayo.

Wiki iliyofuata mama mkubwa alinunua pazia. Pazia la kijani, upana wa mita nne, likatundikwa kati ya chumba cha wateja na karakana, na tangu hapo hakuna mtoto aliyeingia sandukuni, kwa kuwa hapakuwa na haja. Familia inaomba mlifikirie pazia hilo. Lilikuwa linauzwa duka la tatu kutoka hapo, tangu siku ya kwanza, tangu mwaka 1969.

Wazee walipouliza kilichotokea, mama mkubwa hakusema kwamba ni bahati mbaya, maana bahati mbaya huzua maswali. Alisema kazi ya vigogo ni ya mkubwa wao, kila mtu anajua, na mtoto ni mtoto, amesahau, asilaumiwe. Akalirudia neno hilo, asilaumiwe, kwa upole, mbele ya watu, miaka na miaka, harusini, vikaoni, mezani, mpaka likawa jina la pili la marehemu. Marehemu alikuwa na miaka kumi na moja. Mwanzoni alisema alikiweka. Baadaye alisema anadhani alikiweka. Kufikia miaka kumi na mitatu hakusema kitu tena.

Kitinda mimba alisema alichokiona mara moja tu, kwa baba mdogo, siku ya mazishi. Alipigwa kofi, akaambiwa, "Mtoto wa miaka sita hana ushahidi." Hakurudia. Hiyo ni aibu yake na anaibeba mwenyewe, hamtupii mzee huyo, ambaye amekwisha kutangulia, lakini kofi hilo lilikuwa la nguvu na linastahili kuandikwa mahali.

Kielimu, marehemu alianza darasa la kwanza mwaka 1968 katika shule ya msingi iliyokuwa jirani na kiwanda cha ngozi, akamaliza mwaka 1974 akiwa wa pili kwa shule nzima, akajiunga na sekondari ya bweni mwaka 1975, na akamaliza mwaka 1978 kwa alama nzuri za lugha na alama za ajabu za hesabu, kwa kuwa kila jibu alilihakiki mara nne na muda ukamwishia. Mwaka 1979 alichukua kozi ya uchapaji, na tarehe 4 Februari 1980 aliajiriwa katika kiwanda cha uchapaji kuwa msomaji wa prufu, kazi ya kutafuta makosa ya wengine kabla hayajatoka nje, akaifanya kwa miaka kumi na sita. Wenzake, ambao wamekaa safu ya tatu, wanakumbuka kwamba alikuwa akifika nyumbani jioni, anageuka, anarudi kiwandani kwa miguu kuangalia tu kama kweli ameisahihisha ile ya ukurasa wa saba. Walimtania, wakamwita Mama Tena. Alicheka nao.

Tarehe 15 Desemba 1984 alifunga ndoa na fundi saa, mume wake aliyepo hapa mbele, mtu mpole asiyeuliza swali ambalo jibu lake halijawa tayari. Bwana harusi huyo aligundua katika wiki ya kwanza kwamba mke wake haviwezi vifuniko. Sufuria za nyumba ile zilipika wazi, sanduku la nguo liling'olewa kifuniko, pipa la maji lilifunikwa kwa chandarua, na majirani wakaibatiza nyumba hiyo nyumba ya sufuria uchi, na wali wake ukawa unachelewa kuiva kwa muda ambao mgeni angeweza kumaliza matatizo yake yote ya ndoa. Fundi saa hakulalamika. Alijifunza kula akichelewa. Walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 2 Mei 1986, ambaye ni muuguzi, na mwana aliyezaliwa tarehe 30 Oktoba 1989, ambaye ni fundi umeme, na wajukuu watatu, na mjukuu wa mwisho anaitwa Chiriku.

Mwaka 1996 kiwanda kilipopunguza watu, marehemu alichukuliwa na shule hii ya sare za bluu kuwa mtunza maktaba, chumba kilichokuwa stoo ya madawati mabovu, akakijaza vitabu, na mlango wake haukufungwa hata siku moja saa za masomo, kwa kuwa ulizuiwa na kigogo cha mvule ukubwa wa kiganja. Watoto walijua kwamba kigogo hicho hakichezewi. Hawakujua kilitoka wapi. Alikuwa amekitwaa mwenyewe kutoka safu ya nyuma ya karakana mwaka ule wa 1972, akakiweka katika mfuko wa sare, na amekuwa nacho tangu hapo.

Katika chumba hicho alianza tena kumsimulia Bibi Sandarusi, safari hii kwa watoto thelathini waliokaa sakafuni, na tarehe 11 Aprili 2005 kitabu kilitoka, kurasa mia moja na arobaini na nne, chenye jalada jeusi na vigogo vitatu. Haikuwa rahisi, usione vyaelea, vimeundwa. Mhariri wa kwanza alimwomba apunguze majeneza yawe moja, naye akajibu kwa barua kwamba atafurahi sana ikiwa mhariri atachagua mtoto yupi alale sakafuni. Wazazi wawili waliandika kwamba kitabu kinawatia watoto hofu, na bodi ya shule ikamwita ajieleze, akaenda na mkoba wa barua mia mbili za watoto, akaziweka mezani, akasema watoto wanajua nyumba kama hizo zipo, wanachotaka kujua ni kwamba mtu mwingine pia anajua. Bodi ikaufunga mjadala. Ukoo nao ulijivuna kwa kitabu hicho, wakakipeleka kwenye kila sherehe, na kila mara mama mkubwa aliulizwa juu yake, na kila mara alitabasamu akasema, mtoto wetu ana kipaji kikubwa cha kubuni.

Kitinda mimba alinunua nakala nne, akagawa tatu, ya nne akaiweka rafuni na hakuifungua kwa miaka kumi na minane. Aliogopa kumkuta Chiriku humo. Zaidi ya hapo, alijiaminisha kwamba dada amekwisha kusema yote, kwamba mkono na bandeji na aproni vimo ndani kwa kificho, kila mtu anavisoma, kwa hiyo yeye hadaiwi neno. Na marehemu kwa upande wake aliona mdogo wake hasemi lolote juu ya kitabu, akadhani hata yeye anamlaumu ila anamhurumia. Dada wawili, waliopigiana simu kila Jumapili, waliishi namna hiyo, na hasira ya karatasi hii kwa sehemu kubwa ni ya kitinda mimba kwa kitinda mimba.

Marehemu alianza kuugua mwezi Februari mwaka huu wa 2023, tarehe 9 Machi akaambiwa ni saratani ya kongosho, na tarehe 5 Juni akalazwa wodi namba saba, kitanda cha dirishani. Macho yalimchoka, akaomba asomewe, akachagua kitabu chake mwenyewe, akisema anataka kuangalia kama bado kina makosa. Kitinda mimba hakuweza kukataa. Alisoma sura moja kila mchana, wagonjwa wa vitanda vya jirani wakicheka, mmoja akishika mshono wake na kumwomba asimame, na tarehe 14 Juni, ukurasa wa tisini na nne, akafika mahali ambapo kengele inagonga, watoto wanaingia masandukuni, na yule msichana mkubwa anasahau kigogo dirishani. Kigogo chenyewe, kizee, kinaguna, kinaruka, kinashuka ngazi kwa pembe zake nne, kinajisukuma chini ya kifuniko dakika ya mwisho, na mtoto wa kati anainuka na kuuliza kama chakula cha mchana kimekwisha. Wodi nzima ilicheka. Kitinda mimba alikiweka kitabu magotini.

"Dada, mbona umeandika alisahau?"

"Kwa sababu nilisahau."

Hakulisema kwa uchungu, alilisema kama mtu anayetaja tarehe yake ya kuzaliwa. Ndipo kitinda mimba akaeleza, kwa mara ya pili katika maisha yake, na marehemu akamsikiliza kama msomaji wa prufu, hakulia, alihakiki. Aliuliza mkono upi, akaambiwa wa kushoto. Aliuliza kigogo kilitiwa wapi, akaambiwa mfuko wa aproni. Aliuliza kifuniko kiliinuliwa kabla au baada ya wageni kukaa, akaambiwa kabla. Aliyauliza yote hayo mara tatu, kwa mpangilio tofauti, ili aone kama majibu yatabadilika, na hayakubadilika. Kisha toroli la dawa likapita, likarudi, likapita tena.

"Kwa hiyo nilikiweka," alisema.

"Ulikiweka, dada. Nilikiona."

Miaka hamsini na nusu. Vifuniko vya sufuria, safari za kurudi kiwandani, mitihani ya hesabu, usingizi wake, vyote hivyo, kwa sababu mtu mzima mmoja alikuwa mwepesi wa kusema asilaumiwe na kaya nzima ilikuwa nyepesi ya kukubali. Marehemu aliomba penseli nyekundu. Katika ukurasa wa tisini na nne alikata neno alisahau kwa mstari ulionyooka, juu yake akaandika alikiweka, na pembeni akatia alama ya wachapaji ya kuonyesha kwamba kosa ni la mwandishi. Mchapishaji yupo hapa leo, nakala hiyo atakabidhiwa mbele yenu, na toleo lijalo litatoka kama ilivyoandikwa kwa penseli, ameahidi.

Aliagiza mambo mawili mengine. La kwanza ni kwamba sanduku lake lisitoke katika duka lile, ingawa binamu yule mwenyekiti, ambaye ndiye mwenye duka sasa, alikuwa amejitolea kutoa la daraja la kwanza, na ndiyo maana limetengenezwa na fundi wa shule hii, aliyemtengenezea rafu zote za maktaba, na fundi amekata ukingo wa kifuniko kwa kipimo cha kigogo kile cha maktaba. La pili alilisema tarehe 28 Agosti, alipomwona kitinda mimba amemkasirikia mama mkubwa. "Usimpigie kelele," alisema, "msomee."

Marehemu alifariki siku ya Jumamosi, tarehe 2 Septemba 2023, saa nne na dakika arobaini asubuhi, dirisha likiwa wazi, mume wake na watoto wake wakiwa kando yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba saba, hasa muuguzi aliyekubali dirisha lisifungwe hata mvua iliponyesha, inawashukuru wagonjwa wa vitanda vya jirani kwa kucheka mahali panapostahili, wachapaji wenzake, walimu, majirani wa nyumba ya sufuria uchi walioleta chakula kwa siku nne katika vyombo visivyo na vifuniko bila kuambiwa, fundi saa kwa kula akichelewa miaka thelathini na minane, na watoto hawa wa sare za bluu walioandika barua. Mzee wa vidole saba, popote alipo, ajue kwamba hakukosea kumsifu yule mtoto.

Mama mkubwa amekaa safu ya mbele, kiti chenye mto, ana miaka themanini na tisa, na masikio yake ni mazima kabisa, daktari wake ametuthibitishia. Historia hii haimwombi chochote. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, na kilio ndicho hiki. Haitamwambia asilaumiwe. Amesikiliza mpaka mwisho, akiwa amekaa kwenye hewa safi, na anaweza kuondoka akitaka, mlango uko wazi.

Waliobeba nyundo wazirudishe. Kifuniko kitashuka kaburini na mwanya wake, wenye makaburi wamekubali. Hapa karatasi imekwisha, na desturi ya kutojitaja nayo imekwisha.

Pumzika kwa amani, dada. Kigogo kipo mahali pake, nimekiweka mimi, na nimekikagua mara mbili.